Mabasi Huku, Serikali Kule

Hebu sogea, jirani, nikae. Na wewe bwana niongeze kahawa, nitalipa kesho, si wanijua? Wanijua. Basi.

Umesikia? Steji ya mabasi imerudi midomoni. Eti wanatafuta tena pahali pa kuiweka, hapa hapa kisiwani Mombasa, katikati ya mji, na ubavuni mwake majumba ya ofisi za serikali. Nani wanatafuta? Mimi sijui. Wanaojua hawakai kibandani. Lakini habari hii huzuka kila baada ya muda, na ikizuka kila mtu mtaani huwa fundi wa kupanga miji. Muuza viazi karai ana ramani yake. Kinyozi ana yake, anaichora kwa mashine kichwani mwa mteja. Mimi pia ninayo, ila haniulizi mtu. Nyumbani kwangu tu kabati lilihamishwa nikiwa msikitini, nikarudi gizani nikapiga paji. Sembuse mji.

Lakini hili la steji niachieni mimi. Nimeteseka nalo. Mwenzenu nina mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa Mambrui, kule mbele ya Malindi. Marehemu mzee alifanya kazi bandarini, Mungu amrehemu, na kuna kijipesa chake kimekwama kwenye ofisi moja. Jina la ofisi silitaji, maana kile kijipesa bado twakihitaji. Sasa kila wakimkumbuka wanamwita, na kila akiitwa anapanda basi, na kila akipanda basi mke wangu ananiangalia. Hasemi kitu. Ananiangalia tu, mpaka natafuta viatu.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni. Nyanya yangu kazaliwa Kibokoni. Ungedhani mtu wa aina yangu anajua mabasi yanasimama wapi. Nitajulia wapi? Basi la nani, la kutoka wapi, la kampuni gani? Ya Nairobi yako Mwembe Tayari na kando kando ya Jomo Kenyatta, kila kampuni na mlango wake, kila mlango na bango lake, na chini ya kila bango vijana wanakuvuta mkono, huyu kulia, huyu kushoto, na begi lako limeshapanda basi ambalo wewe hulitaki. Ya Malindi na Lamu yako Abdel Nasser. Ya Tanga na Dar, uliza. Matatu nazo zina pembe zake, za Posta kivyake, za Feri kivyake. Steji moja ya kutukusanya sote hatuna. Tuna barabara, na magari yamesimama juu yake.

Basi siku moja mama mkwe ameitwa, nikatoka mapema nikaenda Mwembe Tayari kumpokea. Kwa nini Mwembe Tayari? Kwa sababu mtu akisema basi, miguu yangu inakwenda Mwembe Tayari. Nikasimama Jomo Kenyatta karibu na ile sanamu ya askari, ile iliyowekwa 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vikuu vya kwanza. Wale wamesimama pale karibu miaka 100 na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Mimi sikumaliza hata kupangusa jasho.

“Nairobi, mzee? Nairobi moja! Busia?”

“Namngoja mkwe.”

“Mkwe atoka Nairobi?”

“Mambrui.”

Wakaitana. Wallahi waliitana, njooni mumwone mtu angoja basi la Mambrui Mwembe Tayari. Mmoja akanishika bega kwa huruma. “Mzee wangu ni mgeni mjini?” Mimi! Akaniitia bodaboda. Bodaboda akanitajia bei ya mtalii aliyeshuka melini asubuhi hiyo. Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa. Akasema kama umezaliwa hapa basi enda kwa miguu, ni hapo tu.

Nikaenda kwa miguu.

Nafika Abdel Nasser fulana imenigandia, mama mkwe ameshashuka zamani. Ameshakunywa chai. Ameshajuana na ukoo mzima wa muuza chai. Amekaa juu ya kigunia cha maembe, na mkononi ameshika kuku, hai, amefungwa miguu na utepe wa kijani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba Zuhura. Umekuja kwa miguu kutoka wapi, Malindi?”

Kuku alikuwa wa bintiye. Maembe ya wajukuu. Mimi hakuwa ameniletea kitu ila kazi ya kuvibeba. Nikasema tupite nyumbani kwanza tuweke mizigo. Akasema hapana, ofisi inafungua, twende tuwe wa mwanzo. Mtu wa mwanzo! Basi linaondoka Lamu alfajiri, linasimamishwa na polisi vizuizini, abiria wanashuka na vitambulisho wanapanda tena, linamchukua mama wa watu njiani, linavuka daraja la Nyali jua limeshakuwa kali. Halafu awe wa mwanzo.

Tuktuk akataja bei yake. Mama mkwe akamwangalia kwa yale macho ambayo mke wangu ameyarithi. Tukaenda kwa miguu. Digo Road yote. Ukifika Markiti hapapitiki, mikokoteni, nazi, mchicha, mtu amesimamisha pikapu katikati ya njia ameingia kununua bizari. Kuku ananipiga mbawa za mbavu. Mama mkwe yuko mbele, kanga inapepea, anawaambia watu “hodi hodi” na wanampisha. Akishapita wananifungia. Posta tukaipita. Bima Tower tukaipita. Tukakata kushoto Nkrumah Road, tukateremka mpaka karibu na bahari, na ndipo ofisi yenyewe ilipo. Askari mlangoni akaniangalia, akamwangalia kuku.

“Kuku haingii.”

Haki yake. Nikauliza na mimi je? Akasema wewe una kesi gani? Nikasema sina, mimi ni mkwe tu. Akasema basi kaa na kuku.

Nikakaa ukingoni mwa barabara. Wewe hujawahi kukaa mbele ya ofisi ya serikali na kuku hai. Wote unaowajua duniani hupita siku hiyo. Mwalimu wa madrasa wa utotoni alipita. Ninayemdai alipita, asinione. Ninayedaiwa naye alipita, akaniona, akasema afadhali umepata biashara. Mama mmoja akambonyeza kuku kifua, akauliza bei, nikamwambia hauzwi, akasema basi mbona umemtandaza hapa, akaenda zake amekasirika.

Mama mkwe akatoka. Wanataka fotokopi ya kitambulisho, mbele na nyuma. Fotokopi iko juu, Digo Road. Nikapanda na kuku, nikateremka na kuku. Sasa mwenye faili amekwenda kula. Akarudi. Sasa mashine hazisomi. Zikasoma. Sasa sahihi inataka mtu mwingine, naye yuko jengo jingine, na lile jengo jingine mida yake ya kuona watu ni asubuhi. Njoo kesho. Njoo kesho ya mtu wa Mambrui ni basi jingine, au ni kitanda changu, mimi nilale sebuleni. Alichagua kitanda.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa nimekaa pale ndipo nilipousikia upepo. Upepo mtamu, unatoka baharini unaingia ndani ya kola. Nikajiuliza, mbona huu Mwembe Tayari haufiki? Mwembe Tayari pananuka dizeli. Abdel Nasser, dizeli na mafuta ya bajia. Na huku kwenye majumba ya wakubwa madirisha yako wazi, makaratasi yamewekewa mawe yasipeperuke. Tangu siku hiyo nina nadharia yangu na sijali nani anaicheka. Serikali Mombasa hufuata upepo. Abiria hufuata moshi. Na kati yao kuna Digo Road, ambayo naikata mimi na kuku.

Unabisha? Hesabu nami. Zamani wakubwa walikuwa Government Square, pale Bandari ya Kale, majahazi mbele ya pua. Forodha pale. Posta ikajengwa pale 1899. Leven House, iliyokuwa makao ya ile kampuni ya Waingereza, IBEA, pale pale. Upepo mpaka mtu afunge vifungo. Kisha meli kubwa zikawa zinashukia Kilindini, Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi, serikali ikajikusanya ikasogea Treasury Square. Umbali gani? Mtoto aliyetumwa ndimu huenda na kurudi samaki bado motoni. Yaani imehama na upepo haikuuacha. Likaja jumba la Uhuru na Kazi, refu, nalo upande wa bahari. State House ya Mombasa usiniulize, hiyo inatazamana na bahari kabisa.

Na wakubwa wa wakati ule hawakutembea. Hii niliambiwa na mzee mmoja pale barazani Ndia Kuu, nikaiona na kwenye picha, kwa hivyo ni kweli. Mwaka 1890 ile IBEA ilianza kujenga reli nyembamba ya kwenda bara, upana wa futi 2 tu. Ikafika maili 7 hivi ikachoka. Vyuma vikabaki havina kazi. Basi vikatandikwa humu mjini, juu yake vikawekwa vijigari, kiti na kijipaa cha kukinga jua, vikaitwa troli. Bwana mkubwa anakaa, kofia magotini. Vijana wetu wanasukuma mbio, jasho tiririri. Na kubwa lao hili hapa. Wakubwa walikuwa na vijia vyao vya pembeni, reli inakata kona kutoka barabarani inaingia mpaka mlangoni mwa nyumba, mpaka mlangoni mwa ofisi. Mlangoni! Mambo yakaenda hivyo mpaka magari yalipokuja kuziua troli miaka ya 1920.

Kwa hivyo asiniambie mtu haiwezekani usafiri ukamshusha mtu mlangoni mwa serikali. Iliwezekana mjini humu humu. Ila kulikuwa na wa kukaa na wa kusukuma, na mababu zangu mimi nawajua, hawakukaa.

Raia wa kawaida kulikuwa na jumba moja tu la serikali lililompokea mpaka ndani. Fort Jesus, ilipokuwa jela, mpaka 1958. Huko ulifikishwa, na nauli hukudaiwa.

Na mara moja tu, mara moja katika historia yote, serikali iliacha upepo ikafuata usafiri. Reli ya Uganda ilianzia hapa 1896. Ikafika Nairobi 1899. Mwaka 1905 makao makuu nayo yakapanda, yakaenda. Hayajarudi mpaka leo. Ndiyo maana mtu akisema ofisi ziwekwe karibu na steji mimi hutetemeka kidogo. Zinaweza kujisahau zikapanda.

Fundi saa wa pale kona, mtu wa kubisha huyo, akasema nadharia yangu ina tundu. Bima Tower je, si iko Digo Road katikati ya vurugu? Huduma Centre je, si iko pale Posta, matatu zinapita mlangoni, mtu anashuka anaingia anamaliza shida zake chini ya paa moja? Nikafikiri. Nikakohoa. Nikaagiza kahawa nyingine nisilazimike kujibu. Kweli, pale Posta wamejaribu. Lakini si shida zote huishia kwenye paa moja, na tangu Katiba ya 2010 serikali zenyewe ni mbili, ya taifa na ya kaunti, kwa hivyo ofisi za kupoteana nazo zimeongezeka. Sisi ndio kaunti 001, wa kwanza kati ya 47. Unajua jengo moja wanalotumia pale Treasury Square laitwa Betting Control? Mimi nilikwenda na karatasi ya ushuru wa kibanda cha shemeji, nikasoma jina juu, nikageuza. Nilidhani ni pa kuchezea kamari na mke wangu ana macho kila pembe.

Haya, steji iende wapi? Kaa hapa jioni moja usikilize. Utapasuka kichwa.

Dereva wa tuktuk ndiye alinifungua akili. Kisiwa hiki, alisema, kina milango mitatu. Nairobi inaingilia Makupa. Malindi na Lamu zinaingilia Nyali. Kwale, Tanga na Dar zinaingilia feri ya Likoni, ingawa siku hizi kuna Dongo Kundu ya kuikwepa feri. Ukiiweka steji karibu na mlango mmoja, mabasi ya milango mingine yanaukata mji mzima kuifuata. Ukiiweka katikati, yote yanakuja kubanana katikati. Nilishangaa. Miaka yote nimekaa juu ya kisiwa hiki sijawahi kuhesabu milango. Siku hizi hoja hiyo naitoa mimi, na yeye akiwepo naitoa kwa sauti ndogo.

Kinyozi anasema Makadara. Akina mama wakamshukia. Na sikukuu watoto watabembea wapi, juu ya paa la basi? Akanyamaza, akamkata mteja wake mahali pasipotakiwa. Mwingine akasema Buxton. Buxton gani, zile nyumba za zamani za baraza la mji zilibomolewa 2021 na sasa ni magorofa, utaegesha basi kwenye ngazi? Mmoja, nadhani alikuwa na usingizi, akasema Mji wa Kale, ili watalii wapate kushuka karibu. Basi la abiria sitini Ndia Kuu! Pale gari dogo tu likipita twajibandika ukutani, mwenye tumbo hutafuta mlango wa jirani. Na eneo lenyewe limehifadhiwa kisheria tangu 1990, mtu huwezi kubadilisha hata mlango wako ovyo, wataka kuingiza steji.

Hamali wa mkokoteni akasema tujaze bahari. Huyu alipigiwa makofi. Kila kikao cha mipango hapa lazima pawe na wa kujaza bahari.

Mimi moyo wangu uko stesheni ya zamani ya reli, kule mwisho wa Haile Selassie. Pana. Katikati ya mji. Tangu 2017 treni ya kisasa inaishia Miritini, ng'ambo ya maji, unashuka na tikiti imeandikwa umefika Mombasa, kisha unapanda matatu kuja Mombasa. Basi hapa pa zamani pangetufaa, nikasema. Fundi saa akaniuliza ardhi ya nani ile? Nikasema ya reli. Akauliza nawe wamjua mwenye reli? Nikasema simjui. Akasema basi mwachie reli yake. Mjadala wangu uliishia hapo.

Na kuna wale wa kutoa mabasi nje kabisa. Yapelekwe Changamwe, yapelekwe Kisauni, mji upumue. Maneno matamu, hasa ukiwa na gari lako. Nina binamu Dar es Salaam. Wale mabasi yao ya mikoani yalikuwa mjini, Kisutu, yakatolewa yakapelekwa Ubungo, nje ya mji. Mji ukakua ukaifuata Ubungo, ukaipita. Februari 2021 wakafungua kingine Mbezi Luis, Kituo cha Magufuli, jumba la maana, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Binamu anasema ni kizuri mno, kina kila kitu, ila kukifikia ni safari kabla ya safari, na kampuni nyingi bado zina ofisi zao Shekilango, watu wanapandia huko huko. Nairobi nao walijenga Green Park ya matatu, lami nyeusi ti, mistari imenyooka, ikakaa muda ikisubiri magari yaingie. Magari hayakuwa na haraka. Abiria anataka kushuka anakokwenda, si anakopangiwa. Ukimzuia atapiga teke bati la gari mpaka dereva asimame.

Ramani si kwamba hatuna. Wajapani walikuja na JICA yao, wakakaa na wakubwa wetu, ukatoka mpango mkubwa wa Mombasa Gate City, unafika mpaka 2040. Mimi 2040 nikiwa hai nitakuwa nimekaa hapa hapa, nadaiwa kahawa.

Sasa mama mkwe akiwa bado kwetu, njoo kesho imezaa njoo kesho, mimi mgongo umenyooka kwa kulala chini, nikaona tangazo kwenye nguzo ya stima. Wakaazi waje watoe maoni juu ya steji na ofisi. Nani ameita? Yaliandikwa chini, maandishi madogo, na miwani nilikuwa nimeikalia. Katiba inataka mwananchi ashirikishwe, na mimi kushirikishwa napenda, hasa penye soda. Nikavaa kanzu ile ya sikukuu. Mama mkwe akasema nami naja. Nikamwambia mama, hii ni ya wakaazi wa Mombasa. Akasema kwani mimi hapa sikai? Unalala wapi wewe? Nikasema sebuleni. Akasema basi.

Ukumbini kijana mdogo, kola safi, laptopu mbele yake, ukutani ameangaza ramani ya kisiwa. Rangi tupu. Nyekundu biashara, njano makaazi, zambarau sijui nini. Nikatafuta Kibokoni nisiione. Nikainua mkono, nikauliza hapo pakubwa pa kijani mbona hapatumiki, panaenea mabasi ya nchi nzima.

“Hapo ni bahari, mzee.”

Hamali wa mkokoteni, alikuwa safu ya nyuma, akashangilia.

Sikukata tamaa. Nilipopewa nafasi nikasimama kuieleza nadharia yangu ya upepo. Kijana akasema dakika mbili. Nikaanza 1890 na troli, nikiielekea polepole Treasury Square, na nilipofika posta ya 1899 akaniambia asante, muda. Nikamwambia bado sijafika kwenye upepo. Akasema tutakuja kwenye mambo ya mazingira baadaye. Akaandika kitu. Nilichungulia. Aliandika “mzee, historia”.

Ndipo mama mkwe akasimama. Hakuinua mkono, alisimama tu.

“Mwanangu, choo kiko wapi?”

Kijana akamwonyesha mlango wa nyuma ya ukumbi.

“Si changu. Hicho cha kwenye ramani.”

Ukumbi ukanyamaza. Akaeleza. Mtu ametoka Lamu alfajiri, amekaa kwenye kiti saa zote hizo, mtu mzima, ana sukari. Anashuka Abdel Nasser. Choo anakitafuta kwa kunong'onezana na wauza chai. Akikipata ni cha kulipia na chenji hakuna. Mzigo amwachie nani? Anafika ofisini, choo kimefungwa na ufunguo uko na mtu aliyekwenda kula. Sasa hiyo steji yenu mmeichora, na ofisi mmezichora, na miti mmeichora, miti mizuri, mwanangu, Mungu akujalie. Mtu atajisitiri wapi, nyuma ya hiyo miti?

Akina mama waliruka. Vigelegele ukumbini! Manamba mmoja wa Mwembe Tayari, nilimtambua, ni yule wa kunishika bega, alisimama akasema mama huyu aseme tena. Kijana akaivuta ramani ikawa kubwa, akaisogeza huku, akaisogeza kule, akatafuta. Akakuna kichwa. Akafungua ukurasa mpya, akaandika, na mama mkwe akamsimamia bega akimwambia andika na mahali pa kuwekea mzigo, andika na pa kukaa kivulini, andika na fotokopi, hapo hapo pembeni, bei ijulikane. Aliandika yote. Ukurasa mzima na nusu. Mimi nilitumwa kumletea mama soda.

Mwisho kijana akasema wanaunda kamati ndogo ya kuwashauri, angependa mama awemo. Akaomba nambari ya simu. Mama mkwe simu hana, aliitosa kisimani zamani na hajuti. Akanielekezea kidole. “Andika ya huyu.”

Sasa simu yangu haina raha. Jana ilipigwa nikiwa chooni, juzi ilipigwa nikiwa kwenye foleni ya ile ofisi nimemshikia mama nafasi. Nambari nisiyoijua. Nikajikohoza, nikapokea kwa sauti ya mtu wa kamati.

“Halo, naomba kuongea na mtaalamu.”

“Naam, sema tu. Mimi mwenyewe nina maoni. Kuna suala la upepo…”

“Wewe ni nani?”

“Mkwe wake.”

“Sawa. Mpe simu.”